Uchafu Ndio Unaoua Haidroliki: Hotuba kwa Mafundi, Maopereta na Wenye Mashine za Bekho

Ndugu mafundi, ndugu maopereta, nanyi wenye mashine ambao leo mmekubali kuziacha uwanjani mkaja kukaa hapa: habari za asubuhi.

Tunazungumzia bekho, mashine yenye baketi pana mbele na mkono wa kuchimbia nyuma. Ndiyo inayochimba mitaro ya mabomba ya maji, inayopakia kifusi na kusafisha mifereji ya barabara za halmashauri. Injini yake mnaijua vizuri na mnaitunza. Haidroliki, yaani mfumo wa oili yenye presha unaosukuma mikono na baketi, ndiyo inayosahaulika mpaka siku mkono utakapokataa kunyanyuka. Neno letu la leo ni moja. Mashine hizi kwa kawaida haziharibiwi na kazi ngumu. Zinaharibiwa na uchafu, maji, hewa na joto, na sehemu kubwa ya uchafu huo tunauingiza sisi wenyewe, siku ya matengenezo.

Tuanze na vipimo. Presha kuu ya bekho nyingi za ukubwa wa kawaida, kama JCB 3CX au Caterpillar 428, inafika karibu bar 250 (bar ni kipimo cha presha). Ndani ya vali ya kuongozea, nafasi kati ya spuli, yaani kipande kinachoteleza kufungua na kufunga njia za oili, na tundu lake ni mikroni chache tu. Mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi, na jicho lisilo na msaada haliwezi kuona punje iliyo chini ya mikroni 40. Maana yake ni kwamba punje inayokwangua spuli na pampu ni ndogo kuliko unachoweza kukiona. Fundi anayesema "nimeiangalia oili, ni safi" hajasema kitu bado. Oili huonekana ya dhahabu kabisa na bado ikawa inasaga pampu.

Kwa sababu hiyo usafi unaanzia nje ya mashine. Kabla ya kugusa kifuniko cha tangi, osha au futa eneo lote linalokizunguka. Faneli ya plastiki iliyolala kwenye boksi la spana pamoja na mchanga isikaribie tangi. Ukifungua hozi, ziba ncha zote mbili papo hapo kwa vizibo safi. Kitambaa kinachoacha nyuzi si kizibo, na gunzi la muhindi si kizibo.

Hata oili mpya haijakidhi usafi unaotakiwa. Oili ya pipa imepitia mabomba, magari na pampu nyingi kabla ya kukufikia. Ukiweza, iingize kwenye tangi kwa pampu ndogo yenye filta ya mikroni 10. Na pipa la lita 200 lisisimamishwe wima kwenye mvua. Maji hutuama juu ya bamba lake, na usiku pipa likipoa linavuta hewa ndani, na maji yanaingia nayo kupitia nyuzi za kizibo hata kama umekikaza. Lilaze ubavu, vizibo viwili vikae kwenye mstari mmoja wa kulala, kimoja kushoto na kingine kulia, ili oili iviloweshe kwa ndani na hewa isipite.

Kuhusu aina ya oili: namba 32, 46 au 68 ni kipimo cha uzito wake ikiwa na joto la nyuzi 40. Kwa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na sehemu nyingi zenye joto, 46 ndiyo ya kawaida, na 68 kwa kazi ya joto kali pale ambapo kitabu cha mashine kinairuhusu. Makete au Njombe, ambako asubuhi za Juni na Julai zina baridi ya kweli, oili nzito huchelewa kufika kwenye pampu. Opereta akiwasha na kukanyaga mafuta mara moja, pampu inalia kwa njaa. Aache injini izunguke polepole dakika kadhaa, kisha achezeshe mikono taratibu bila mzigo.

Wapo wanaojazia oili ya injini kwa kuwa ndiyo iliyopo dukani. Kama kitabu hakijairuhusu, acha. Oili ya injini ina dawa za kushikilia uchafu na maji, kwa hiyo maji hayajitengi yakashuka chini ya tangi ambako ungeyamwaga asubuhi. Yanazunguka na mfumo mzima. Na oili ya giaboksi ya otomatiki ni nyepesi mno kwa pampu nyingi hizi.

Hapa niseme jambo lililo kando kidogo lakini limegharimu watu breki. JCB 3CX hutumia oili nyepesi ya madini kwenye breki zake, si breki fluidi ya magari madogo. Ukichanganya, mpira wa sili, ule unaozuia oili isivuje, unavimba na kulainika, na mashine ya tani nane inabaki bila breki. Soma maandishi ya kwenye kifuniko cha kikopo cha breki kabla ya kumimina chochote.

Kupima kiwango cha oili kunaonekana jambo dogo, lakini watu wengi wanakosea. Weka mashine sehemu tambarare, shusha baketi ya mbele mpaka ardhini, kunja mkono wa nyuma kama unavyokuwa barabarani, zima injini, subiri oili itulie, ndipo uangalie kioo. Ukipima mkono ukiwa umenyooshwa na baketi iko juu, oili nyingi iko ndani ya silinda na tangi linaonekana limepungua. Unajazia. Jioni mkono unapokunjwa oili inarudi, tangi linafurika na kumwaga kupitia kifuniko cha kupumulia. Halafu tunaambiwa mashine inavuja.

Hicho kifuniko cha kupumulia ni kitu kidogo chenye madhara makubwa. Tangi linapumua kila silinda inaponyanyuka na kushuka. Kikiziba kwa vumbi, tangi linakosa hewa na pampu inashindwa kuvuta. Kikipasuka, vumbi la barabara linaingia moja kwa moja. Kibadilishe pamoja na filta, na kwenye machimbo ya kokoto kibadilishe mapema zaidi.

Filta kwenye mashine nyingi hubadilishwa kila saa 1,000, na mashine mpya au iliyofunguliwa mfumo inataka filta ya kwanza mapema, karibu saa 100. Oili yenyewe kila saa 2,000. Kitabu cha mashine yako ndicho chenye neno la mwisho, na vumbi kali linapunguza saa hizo. Kumbuka pia kwamba ukimwaga tangi, hujamwaga mfumo. Kwenye mashine za ukubwa huu tangi hubeba chini ya nusu ya oili yote. Iliyobaki iko kwenye silinda, mabomba na kipozeo. Kama oili imechafuka kwa maji au chuma, kumwaga tangi na kujaza mpya ni kuchafua oili mpya.

Filta ya zamani usiitupe kabla ya kuifungua. Ikate kwa kikata kopo, si kwa msumeno, kwa sababu msumeno unaongeza chuma chake. Kunjua karatasi yake juani. Vipande vya rangi ya shaba ya njano hutoka kwenye bushi na viatu vya pampu. Vumbi la fedha lisiloshikwa na sumaku ni aluminiamu, na mara nyingi ni mwili wa pampu ya gia. Kinachoshikwa na sumaku ni chuma cha gia au ganda la silinda. Vipande vyeusi laini ni sili au mpira wa ndani wa hozi. Kwa dakika 10 hizo umeona ndani ya mashine bila kuifungua.

Oili ikigeuka kama maziwa, kabla ya kuhukumu iweke kwenye chupa safi ya kioo. Kama inaanza kung'aa kutoka chini kwenda juu ndani ya saa moja hivi, ilikuwa hewa. Ikibaki na ukungu, ni maji. Kuhakikisha, dondosha tone kwenye bamba la chuma lenye moto unaozidi wa maji yanayochemka, ukiwa umevaa miwani. Likipasuka na kulia, kuna maji. Kama ni hewa, tafuta upande wa kuvutia wa pampu. Hozi ya hapo haivuji oili nje, inavuta hewa ndani, kwa hiyo jicho halikusaidii. Injini ikiwa inazunguka polepole, paka grisi kwenye kila kiungo cha hozi hiyo, kimoja baada ya kingine. Pale mlio wa pampu utakapobadilika ndipo penye tundu.

Joto nalo. Oili ikipita nyuzi 82 sili zinaanza kukakamaa na oili yenyewe inachakaa kwa kasi. Sababu ya kwanza ni kipozeo kilichozibwa na vumbi lililochanganyika na oili. Kipulize kwa hewa kutoka upande ambao feni inatupia hewa, kinyume cha njia yake ya kawaida, na usitumie presha ya kukunja mapezi. Sababu ya pili ni mkono wa opereta. Akishikilia lever wakati silinda imeshafika mwisho, oili yote inapita kwenye vali ya rilifu, ile inayofunguka presha ikizidi, na nguvu yote inageuka joto. Pampu inayotoa lita 100 kwa dakika kwa bar 250 inamwaga karibu kilowati 42 za joto ndani ya oili. Ndugu maopereta, ule mluzi mnaousikia baketi ikigoma kwenye mwamba ndio huo. Achia lever, badili pembe ya kuchimba.

Sasa hozi, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo pesa nyingi zinapotea na ndipo watu wanaumia. Fundi anakwenda mjini na hozi iliyopasuka, anarudi na nyingine yenye urefu uleule na unene uleule, anafunga, inapasuka baada ya wiki. Hakuuliza presha. Hozi ya tabaka mbili za waya, ile iliyoandikwa 2SN, inavumilia presha tofauti kwa kila ukubwa. Ya nusu inchi inabeba bar 275. Ya robo tatu ya inchi inabeba bar 215. Ya inchi moja inabeba bar 165 tu. Kwa hiyo 2SN ya robo tatu kwenye mstari wa bar 250 ni kosa, hata ikiwa mpya kabisa. Hapo inatakiwa ya tabaka nne za waya, 4SP, ambayo kwa robo tatu inabeba bar 350. Maandishi hayo yamechapwa kwenye hozi yenyewe pamoja na robo ya mwaka na mwaka iliyotengenezwa. Yasome kabla ya kulipa.

Hozi ikikatwa kwa jiwe la grainda, vumbi la waya na mpira linabaki ndani. Dai ipulizwe na kusafishwa mbele ya macho yako, kisha izibwe ncha zote mbili kwa safari. Wakati wa kufunga, angalia mstari wa maandishi. Ukionekana umejizungusha kama kamba, hozi imesokotwa, na presha itakuwa inajaribu kuisokotoa kila siku hadi ikatike kwenye shingo ya fitingi. Tumia spana mbili, moja ishike fitingi isizunguke. Hozi isiguse kona ya chuma wala hozi nyenzake. Ukiona waya umechungulia, usiifunge kwa mpira wa tairi, ibadilishe.

Fitingi nazo zina makabila. Mashine za Uingereza za miaka iliyopita zina nyuzi za BSP zenye koni ya digrii 60, za Kimarekani mara nyingi ni JIC yenye koni ya digrii 37. Zipo saizi zinazokubaliana kwa mizunguko michache ukadhani umepata. Zitavuja, na ukizidi kukaza unapasua koni. Tepu nyeupe ya mafundi bomba isiingie kabisa kwenye haidroliki. Inachanika, na vipande vyake vinakwenda kuziba vitundu vya vali.

Kuhusu usalama nitasema kwa ukali. Tundu la hozi lisiloonekana hutoa uzi wa oili unaopenya ngozi kama sindano, na bar 7 tu zinatosha kupenya, sisi tunafanya kazi na 250. Usipapase hozi kwa mkono, hata ukiwa na glavu. Pitisha kipande cha boksi na utaona kinaloa au kinatoboka. Aliyepigwa huona kitundu kidogo na maumivu machache mwanzoni, na hapo ndipo hatari ilipo. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na daktari aambiwe wazi kwamba ni oili ya presha kubwa imeingia mwilini, kwa sababu jeraha hilo linahitaji upasuaji wa haraka. Dripu na plasta havitoshi, na kuchelewa kunaweza kuondoa kidole au mkono.

Kabla ya kulegeza nati yoyote, shusha baketi zote ardhini, zima injini, kisha chezesha lever zote pande zote mara kadhaa. Kama lever zinafanya kazi kwa umeme, swichi iwe imewashwa wakati unazichezesha. Legeza kifuniko cha tangi polepole. Mashine zenye mfumo wa kutuliza mtikisiko wa baketi barabarani zina akumuleta ya nitrojeni, yaani chombo cha kuhifadhi presha, na hiyo hubaki na presha hata injini ikizimwa. Kama lazima ufanye kazi mikono ya mbele ikiwa juu, funga ile gongo ya chuma kwenye rodi ya silinda, yaani ile fimbo ya kromu inayotoka na kuingia. Tofali na gogo haviaminiki.

Tuje kwenye swali mnaloulizwa kila siku: mkono unashuka wenyewe, nibadilishe sili? Jibu linategemea mzigo unaisukuma rodi iingie au unaivuta itoke. Chukueni silinda za kunyanyulia mikono ya mbele. Mzigo unaisukuma rodi iingie. Sili ya pistoni ikiwa imekwisha, oili inapita kutoka upande wa chini kwenda upande wa rodi. Lakini upande wa rodi una nafasi ndogo, kwa kuwa rodi yenyewe imechukua sehemu yake. Oili haina pa kwenda, presha inapanda pande zote mbili, na silinda inasimama. Ikiwa bado inashuka, oili imepata njia ya kutokea, na njia hiyo ni spuli iliyolika, au vali ndogo ya rilifu ya mstari huo, au kiungo kinachovuja nje. Lakini mzigo ukivuta rodi itoke, sili mbovu peke yake inatosha kuishusha. Fundi asiyejua tofauti hii hununua sili mara tatu huku ugonjwa uko kwenye vali.

Njia ya kuhakikisha sili ni hii. Toa rodi mpaka mwisho kabisa, ondoa presha, fungua hozi ya upande wa rodi na uizibe kwa kizibo cha chuma kinachobeba presha ya mstari huo. Kwenye tundu la silinda lililobaki wazi weka ndoo, watu wakae mbali. Washa injini polepole na upeleke oili upande wa chini. Rodi haiwezi kwenda popote kwa kuwa imeshafika mwisho, hivyo oili yoyote inayoendelea kutiririka kwenye ndoo imepita kwenye sili ya pistoni. Matone ya mwanzo usiyahesabu. Kwa vali ndogo za rilifu, kama kuna mbili za aina na presha moja, badilishana. Ugonjwa ukihama na vali, umempata mwizi.

Ukifungua silinda, angalia kromu ya rodi kabla ya kununua chochote. Ukwaruzo mdogo uliochomoza unaweza kulainishwa kwa jiwe laini lenye oili. Vishimo vya kutu haviponi kwa sili mpya. Vitaikata ndani ya muda mfupi, na rodi hiyo inataka kromu upya au kubadilishwa. Oringi (pete ya mpira) ya dukani inafanana na ya kweli kwa macho, lakini ugumu wake ni tofauti, na penye presha kubwa ile laini inabanwa ikachomoka nafasini. Pete ya kuzuilia ikae upande usiotoka presha, nyuma ya oringi. Na grisi kwenye pini za mkono ni matengenezo ya haidroliki pia. Piga kila siku, kila saa 10, kwa sababu bushi iliyolika inaegemeza rodi upande mmoja na kula sili ya shingo.

Mashine ikipungua nguvu, swali la kwanza: ni kila kitu, au kimoja? Ikiwa kila kitu, pamoja na usukani, tazama pampu, upande wa kuvutia na rilifu kuu. Ikiwa ni dipa peke yake, kile kipande cha mkono wa nyuma kinachoshika baketi, usiiguse pampu. Swali la pili: ni nguvu au kasi? Nguvu ni presha, kasi ni mtiririko. Swali la tatu: asubuhi ni nzima na mchana inachoka? Hapo kuna kulika. Oili ikipata moto inakuwa nyepesi na kupita kwenye nafasi zilizopanuka.

Kisha funga geji ya bar 400 kwenye sehemu ya kupimia, pasha oili hadi nyuzi 50 hivi, peleka injini kwenye mizunguko inayotajwa na kitabu, fikisha silinda mwisho kwa sekunde chache na usome. Kukaza skrubu ya rilifu bila geji ndiyo tabia mbaya kuliko zote katika kazi yetu. Kama pampu imechoka, haitapata nguvu, na kama ni nzima, unaivunjia bearingi, unapasua hozi na kufungua welding za bumu, kile kipande kikubwa cha mkono wa nyuma.

Pampu ikifa na kusambaza chuma, pampu mpya isifungwe juu ya uchafu wa ile ya zamani. Mwaga, fungua tangi, lifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, safisha chujio la ndani, silinda na mabomba. Kipozeo ni kigumu kusafishika, na mara nyingi kununua kingine ni nafuu kuliko pampu ya pili. Jaza oili kwenye hozi ya kuvutia, na kama ni pampu ya pistoni, jaza na mwili wake. Zungusha injini kwa stata bila kuiwasha, kisha iwashe na uiache izunguke taratibu dakika kadhaa. Peleka kila silinda karibu na mwisho bila kugonga, mara kadhaa, hewa itoke. Badilisha filta tena baada ya saa 50.

Mashine inayolala muda mrefu, hasa pwani kwenye hewa ya chumvi, iegeshwe rodi nyingi zikiwa ndani, na sehemu zinazobaki nje zipakwe grisi. Siku ya kuiwasha tena, futa grisi hiyo kabla ya kugusa lever, kwa sababu imeshika mchanga. Legeza kizibo cha chini ya tangi asubuhi kabla ya kuwasha, toa maji mpaka oili safi ianze kutoka, ndipo ukaze.

Filta tatu zilizokatwa ziko mezani hapo mbele, pamoja na sumaku. Sogeeni mzione, na wenye maswali ya mashine zao waanze kwa kutuambia jambo moja: ni kila kitu kimechoka, au kimoja?